Dai Letu Liwe Moja, na Lisemwe Vivyo Hivyo Kila Mahali

(Hotuba iliyotolewa mbele ya waratibu wa elimu ya uraia wa makanisa na vikundi vya mageuzi)

 

Nimekabidhiwa rasimu ya tamko ambalo shirika hili linakusudia kulipeleka parokiani, misikitini na masokoni kabla ya uchaguzi mkuu wa Agosti 2027. Nimeisoma mara tatu. Ina kurasa sita na madai kumi na manne: uchaguzi wa haki, ajira kwa vijana, vita dhidi ya ufisadi, mageuzi ya polisi, ugatuzi, bei ya unga, na mengine ambayo ninyi mnayajua kuliko mimi. Sikuona ndani yake dai lolote lisilo la haki. Wala simlaumu katibu aliyeiandika, kwani aliandika alichoagizwa na kamati, na kamati ilikuwa na watu kumi na wanne.

Swali langu ni jepesi. Yule mama auzaye sukuma wiki nje ya lango la kanisa, akisikia tamko hili likisomwa baada ya ibada, atamwambia nini jirani yake jioni? Atasema, “Leo kanisa limelalamika.” Basi. Akiulizwa kanisa limemtaka nani afanye nini, hatakuwa na jibu, na kosa halitakuwa lake.

Mtume Paulo aliwauliza Wakorintho ni askari gani atakayejiweka tayari kwa vita ikiwa sauti ya tarumbeta haieleweki. Nataka tuyazungumze mambo yetu kwa swali hilo, na nitatumia mifano ya nchi hii, kwa sababu harakati za kudai vyama vingi zimetuachia mafunzo ya kutosha kuhusu namna ujumbe unavyoshika na namna unavyoteleza.

Tuanze na wapinzani wetu wa siku zile, kwa maana katika jambo hili walikuwa hodari kutuzidi. KANU ilikuwa na maneno matatu: amani, upendo na umoja. Mtoto wa darasa la kwanza aliyajua, chifu aliyasema barazani, redio ya taifa iliyarudia asubuhi na jioni. Yaliambatanishwa na jina moja, Nyayo, na jina hilo likawekwa juu ya maziwa ya watoto wa shule na juu ya mabasi. Kidole kimoja kikiinuliwa kilimaanisha chama kimoja, na asiyejua kusoma alikisoma kidole hicho. Unaweza kusema, na ni kweli, kwamba maneno yale yalifunika vyumba vya mateso vya jumba la Nyayo. Lakini yalidumu kwa miaka mingi, kwa sababu hayakubadilika kutoka mkoa hadi mkoa wala kutoka mdomo hadi mdomo. Wanamageuzi walipoanza kuinua vidole viwili, walikuwa wanajibu lugha kwa lugha, na makanga wa matatu waliielewa ishara hiyo siku ileile ya kwanza.

Sasa tazameni jinsi makanisa yalivyoingia. Mwaka 1986 KANU iliamua kwamba katika mchujo wa wagombea wapiga kura wasimame kwenye mlolongo nyuma ya picha ya mtu wao. Baraza la Kitaifa la Makanisa, yaani NCCK, lilipinga. Halikuanza na nadharia ya demokrasia. Lilisema jambo ambalo kila mchungaji na kila muumini aliweza kulirudia: kiongozi wa kanisa hawezi kusimama hadharani nyuma ya mgombea mmoja na kesho yake awe mchungaji wa wote. Dai hilo lilikuwa dogo, lakini lilikuwa na mpaka unaoonekana.

Ikaja mwaka 1988. Watu walisimama kwenye jua, wakajihesabu kwa macho yao, kisha katika sehemu nyingi wakasikia mlolongo mfupi ukitangazwa kuwa ndio mrefu. Tena aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa kuwa amepita bila kupingwa, hata kura ya siri isipigwe. Gazeti la NCCK lililoitwa Beyond lilichapisha habari za udanganyifu huo, likapigwa marufuku na mhariri wake akafungwa. Lakini neno “mlolongo” halikuweza kupigwa marufuku. Lilikuwa limekwisha kuwa tamko zima ndani ya neno moja, kwa kuwa msikilizaji alikuwa shahidi: hukuhitaji kumweleza, ulihitaji kumkumbusha tu. Desemba 1990 wajumbe wa KANU wenyewe, wakiwa Kasarani, walikubali kuufuta mlolongo pamoja na sheria ile ya asilimia 70.

Naomba mliweke akilini jambo hilo la ushahidi wa macho, maana nitalirudia nitakapofika kwenye rasimu yenu.

Baada ya hapo lilikuja dai kubwa zaidi. Kasisi Timothy Njoya alihubiri siku ya mwaka mpya wa 1990 katika kanisa la St Andrew's, Nairobi, akiyatazama yaliyotokea Ulaya Mashariki na kuuliza kama Afrika haitapitiwa na upepo huohuo. Askofu Henry Okullu naye akanena. Mwezi wa Mei Kenneth Matiba na Charles Rubia wakadai vyama vingi mbele ya waandishi wa habari, mwezi wa Julai wakatiwa kizuizini, na Saba Saba ikafuata. Katika msukosuko huo wote dai lilikuwa likijitafutia umbo. Lililipata pale lilipotua juu ya kifungu kimoja cha Katiba, kifungu cha 2A, kilichoingizwa mwaka 1982 na kuifanya KANU kuwa chama pekee cha halali.

Jiulizeni ni mara ngapi katika historia ya dunia nambari ya kifungu cha sheria imekuwa wimbo wa sokoni. Watu ambao hawajawahi kuiona Katiba walisema “tu-ei” kama wanavyotaja jina la jirani. Nadhani sababu ni kwamba dai lile lilikuwa na sifa tatu. Lilitaja kitu kimoja. Lilimtaja mwenye uwezo wa kukiondoa, yaani Bunge. Na siku likitimizwa, lisingeweza kubishaniwa: kifungu kipo au hakipo. Serikali inaweza kusema imekwisha kuleta uwazi, na utabaki ukibishana nayo mpaka jogoo awike. Haiwezi kusema imefuta 2A wakati 2A ingalipo.

Sitaki mtu atoke hapa akidhani kwamba maneno peke yake yalikiangusha kifungu hicho. Watu walikufa. Wengine waliwekwa vizuizini. FORD, iliyoundwa Agosti 1991 chini ya Jaramogi Oginga Odinga, Masinde Muliro, Martin Shikuku na wazee wenzao, ilizuiwa kukutana Kamukunji mwezi wa Novemba, na viongozi wake wakakamatwa. Mwezi huohuo wafadhili walikutana Paris wakasimamisha misaada mipya. Lakini wafadhili, mawakili, maaskofu na makanga walikuwa wakitaja kitu kilekile, na Rais alipotaka kulegeza hakukuwa na shaka ni kamba ipi ailegeze. Desemba 10, 1991, Bunge lilikifuta kifungu hicho.

Na hapo ndipo penye somo chungu. Siku iliyofuata harakati haikuwa na sentensi ya pili. Sheria ya kuwaweka watu kizuizini ilikuwa ingalipo, sheria ya mamlaka ya machifu ilikuwa ingalipo, leseni za mikutano zilikuwa zingalipo, na Tume ya Uchaguzi iliteuliwa na mgombea mmojawapo. Badala ya kuchagua mojawapo ya hayo, tulianza kusema “Moi aende”, na mara tu unaposema fulani aende, swali linalofuata ni nani aje. Swali hilo halikuwa na jibu moja. Kabla ya mwaka 1992 kwisha FORD ilikuwa imepasuka kuwa FORD-Kenya na FORD-Asili, na vidole viwili vya ishara vikaanza kuelekezana. Katika uchaguzi wa Desemba 29, 1992, Moi alirudi kwa takriban asilimia 36 ya kura. Matiba, Kibaki na Odinga waligawana zaidi ya asilimia 60.

Najua wapo watakaosema kwamba ule ulikuwa ugomvi wa watu na tamaa zao, si ugomvi wa maneno. Tamaa zilikuwepo, sikatai. Lakini dai lililo wazi huizuia tamaa ya kiongozi, kwa kuwa wafuasi wanajua walichokijia na wanaweza kumwuliza. Dai la mtu humfungulia mlango.

Kwangu mimi mfano ulio bora kuliko yote hautoki kwa chama chochote cha siasa. Unatoka kwa akina mama wa wafungwa wa kisiasa. Mnamo Februari 28, 1992, akina mama kutoka vijijini, wengi wao wazee, wakiwa pamoja na Profesa Wangari Maathai, walikwenda ofisini kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Ujumbe wao ulikuwa huu: vyama vingi vimeruhusiwa, watoto wetu walifungwa kwa kudai mambo ambayo leo si kosa, waachilieni. Kisha wakamwambia watakapokuwa wakingojea: Uhuru Park, kwenye ile pembe ambayo tangu siku hiyo imeitwa pembe ya uhuru.

Utazameni ujumbe huo kama fundi atazamavyo kazi ya fundi mwenzake. Ulipelekwa kwa mtu aliyekuwa na uwezo wa kutenda. Hawakumwendea mkuu wa wilaya wala hawakuanza na mwandishi wa gazeti. Ulikuwa na majina, kwa maana kila mama alikuwa na mtoto wake na jela alimofungiwa. Ulikuwa na hoja moja ambayo mpinzani asingeweza kuijibu bila kujipinga mwenyewe. Na ulikuwa na kitendo kilichousemea hata walipokaa kimya: walifunga kula, wakaketi.

Machi 3 polisi waliwavamia kwa virungu na gesi ya machozi. Wapo akina mama waliovua nguo zao mbele ya vijana wale wenye virungu, na kila Mwafrika aliyesikia alijua maana ya laana hiyo bila kufasiriwa. Profesa Maathai alipigwa hadi akazirai. Wangeweza siku hiyo kubadili dai lao. Sababu walikuwa nazo: wangeweza kudai mkuu wa polisi ajiuzulu, au fidia, au tume ya uchunguzi. Walihamia chini ya kanisa la All Saints na kuendelea kusema lilelile, “Tunawataka watoto wetu.” Walisema hivyo wiki baada ya wiki, mwezi baada ya mwezi. Waandishi walichoka kuandika, wageni walikuja na kuondoka, na wao hawakuongeza neno. Kufikia mwanzoni mwa mwaka 1993 karibu wafungwa wote waliokuwa wakidaiwa walikuwa wamekwisha kutoka.

Jambo hilo la kurudia lina ugumu ambao lazima niwaonye. Kamati huchoka na maneno yake mapema. Kwa muda ambao ninyi mmeyasema mara hamsini na mnaona haya kuyasema tena, mtu wa Garissa au wa Kisii ndiyo kwanza anayasikia kwa mara ya kwanza, tena nusunusu, akiwa amebeba mtoto. Mkibadilisha sentensi kwa sababu imewachosha ninyi, mnamnyang'anya yeye kabla hajaishika.

Mwaka 1997 nitaupitia haraka. Wajumbe walikutana Limuru mwezi wa Aprili, wakaunda baraza la mashauriano ya kitaifa na kamati yake tendaji, NCEC, na kaulimbiu ikawa kwamba bila mageuzi hakuna uchaguzi. Ilikuwa kaulimbiu nzuri kwa sikio. Iliwatoa watu barabarani, na Julai 7 polisi waliingia hadi ndani ya kanisa la All Saints na kuwapiga waliokimbilia humo. Lakini neno “mageuzi” halikubeba kipimo. Orodha ilikuwepo kwenye karatasi za Limuru, ila haikuwemo kwenye mdomo wa mwandamanaji. Kwa hiyo wabunge wa KANU na wa upinzani walipoketi katika kikao cha vyama vyote mwezi wa Septemba na kukubaliana baadhi ya mambo, waliweza kusema: haya ndiyo mageuzi, sasa twendeni uchaguzini. Nani angebisha? Yalikuwa mageuzi kweli. Leseni za mikutano ziliondolewa, na Tume ya Uchaguzi iliongezewa makamishna kumi. Neno pana likampa mpinzani nafasi ya kulijaza nusu na kulirudisha kama limejaa.

Vijana mlio hapa mnayo yenu. Juni 2024 mlisema jambo moja: Mswada wa Fedha ukataliwe. Uliandikwa hivyo kwenye mabango ya Nairobi, Mombasa, Kisumu, Eldoret na Nyeri, ukakata kabila na chama. Juni 25 wabunge waliupitisha, waandamanaji wakaingia Bungeni, damu ikamwagika. Kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia saini. Ni 2A kwa mara ya pili: kitu kimoja, mwenye uwezo mmoja, ndiyo au hapana. Kilichofuata nacho mnakijua. Madai yakawa mengi, likaingia la mtu kuondoka, na umoja ule wa wiki moja haukuonekana tena kwa ukubwa uleule. Sisemi hayo kuwakejeli waliozika wenzao. Nasema kwamba waliofiwa wanastahili harakati inayojua itasema nini siku ya pili.

Basi turudi kwenye rasimu.

Kati ya madai kumi na manne nawashauri mchague moja kwa msimu huu, na nitathubutu kusema ni lipi. Ukurasa wa pili, aya ya tatu, mmeandika kwamba mnatoa wito kwa wadau wote kuhakikisha uwazi na uwajibikaji katika mchakato mzima wa usimamizi wa matokeo. Sentensi hii iliandikwa kwanza kwa Kiingereza, na bado inavaa suti yake. “Wadau wote” ni nani? “Mchakato mzima” unaanzia wapi? Mkiisoma barazani hakuna atakayewapinga, na hiyo ndiyo dalili ya kwamba hamkusema kitu.

Lakini ndani yake umejificha mlolongo wa 1988. Nilichosema kuhusu ushahidi wa macho kinahusu hapa. Katika uchaguzi wa 1992 na wa 1997 masanduku yalisafirishwa hadi jumba moja la kuhesabia, na yaliyotokea njiani Mungu ndiye ajuaye. Mwaka 2002 kura zilihesabiwa vituoni. Mwaka 2007 zilihesabiwa vituoni pia, lakini watu hawakuamini kilichotangazwa Nairobi, na zaidi ya Wakenya 1,100 wakapoteza maisha. Juni 2017 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba matokeo ya urais yaliyotangazwa katika eneo bunge ni ya mwisho na makao makuu hayawezi kuyabadilisha. Septemba 1 mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikaufuta uchaguzi wa urais, na miongoni mwa sababu ilikuwa namna fomu za matokeo zilivyoshughulikiwa. Mwaka 2022 fomu za 34A kutoka vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa hadharani, kila mwenye simu akaweza kuzitazama. Tazameni jinsi taifa hili lilivyotembea zaidi ya miaka thelathini likitafuta jambo lilelile: kile nilichokiona kituoni kiwe ndicho kinachotangazwa.

Kanuni za uchaguzi zinamtaka msimamizi wa kituo abandike nakala ya matokeo kwenye mlango wa kuingilia kituoni. Kwa hiyo dai hili si ndoto, ni sheria inayongoja kusimamiwa. Napendekeza liandikwe hivi:

“Tume ya Uchaguzi ihakikishe kila kituo kinabandika fomu ya 34A mlangoni kabla ya masanduku kuondoka.”

Hesabuni: mwenye kudaiwa yupo, kitu kipo, mahali papo, wakati upo. Saa nne za usiku siku ya kura, mzee wa kanisa aweza kufika pale na tochi na kujua kama tumepewa au tumenyimwa. Hata asiyejua kusoma ataona kama mlango una karatasi au hauna.

Naona mkono pale nyuma, na nadhani najua swali. Fomu yaweza kughushiwa kabla haijabandikwa. Ni kweli. Lakini anayeghushi hapo atalazimika kufanya hivyo mbele ya mawakala wa vyama na mbele ya kijiji kilichosikia kura zikisomwa moja moja, na mwizi huyo ana kazi ngumu kuliko yule wa gizani. Wala sidai kwamba karatasi mlangoni italeta unga. Madai yale kumi na matatu msiyachome moto. Yawekeni kwa zamu, na kwanza kabisa mjue la pili ni lipi, ili Desemba ya 1991 isiturudie.

Wengine mtasema dai hili ni baridi, vijana wanataka neno la moto. Mnataka kumtaja mtu. Nawakumbusha kwamba Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika Mei 2024, hairuhusu shirika kama lenu kumpigia kampeni mgombea au chama, wala kuwapigia kampeni ya kuwapinga. Hata kama isingekuwepo, kanisani mmeketi na watu wa kila chama. Karatasi ya mlangoni inamlinda mpiga kura wa serikali kama inavyomlinda wa upinzani, na hiyo ndiyo sababu askofu na kijana wa mtaani wanaweza kuisemea kwa pumzi moja.

Kuhusu lugha. Iandikeni sentensi kwa Kiswahili kwanza. Kisha watu wawili wa kila lugha waifasiri, Kikamba, Dholuo, Kimaasai, Kisomali, na wawili wengine ambao hawakuisoma waifasiri kurudi Kiswahili. Ikirudi na maana nyingine, fasiri ina kasoro. Kazi hii inachosha, lakini mnakumbuka “vyama vingi” ilivyosikika katika baadhi ya vijiji: walisikia wingi, wakasikia fujo, kwa sababu serikali ilikuwa imewahi kuwafasiria kabla yetu kwamba vyama vingi ni vita vya makabila. Naamini tungesema “haki ya kuchagua” tungepunguza hofu hiyo.

Kuhusu wasemaji. Kila mmoja aweza kuwa na sababu yake: mchungaji aseme ushuhuda wa uongo ni dhambi, wakili aseme ni sheria, mama aseme alifukiwa mwana mwaka 2008. Sababu ziwe nyingi, sentensi ibaki ileile, neno kwa neno. Mwandishi wa habari akiwauliza kuhusu kodi, au kuhusu ugomvi wa gavana na naibu wake, mjibu kwa adabu kwamba hilo halikuwaleta leo, na mrudi mlangoni. Atakasirika kidogo. Kesho ataandika mlichosema, kwa kuwa hamkumpa kingine.

Limebaki moja, na ndilo gumu kwetu. Novemba 2024 maaskofu Wakatoliki walitoa tamko kali kuhusu utawala wa nchi. Siku chache baadaye Rais alitoa mchango wa fedha katika parokia moja ya Nairobi, na Jimbo Kuu likaukataa. Katika matamko yote ya mwaka ule, nadhani kukataa kule ndiko kulikosikika mbali zaidi. Kama sadaka ingepokelewa kimya kimya, waumini wangejua lipi ni neno na lipi ni pambo.

Shirika hili linataka kuidai Tume ibandike hesabu mlangoni. Je, hesabu zenu zimebandikwa wapi? Kamati hii ilichaguliwa kwa kura ngapi, na nani alizihesabu? Siulizi kwa ubaya. Nauliza kwa sababu msemaji wa Tume atauliza, tena mbele ya kamera. Nashauri kwamba kabla kipeperushi cha kwanza hakijatoka, fedha mlizopokea na mlizotumia zibandikwe kwenye mlango wa ukumbi huu, na matokeo ya uchaguzi wenu wa kamati pia, yakiwa na saini za waliosimamia.

Mwenyekiti, muda wangu umekwisha na chakula kiko tayari. Naomba katibu aisome ile sentensi kwa sauti, na anayeona neno ndani yake ambalo mama wa lango la kanisa hatalielewa alitaje sasa hivi, tulibadilishe kabla hatujainuka.